Kipimo cha Mlaji si Kipimo cha Samaki

Kila linapozuka suala la uchafuzi wa Ziwa Victoria, jibu linalotolewa huwa moja: samaki wamepimwa, zebaki katika minofu yao haifiki miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango kilichotumika kimataifa kwa miaka mingi, kwa hiyo hakuna tatizo. Jibu hilo lina ukweli, na sina nia ya kumtia hofu mtu anayekula sato wake sokoni Kirumba, Mwanza. Tafiti zilizofanywa tangu miaka ya 1990, zikiwemo za upande wa wachimbaji wadogo wa dhahabu kusini mwa ziwa, kwa jumla zilikuta viwango vya chini. Ila kipimo hicho kiliwekwa kumlinda binadamu aliyekaa mezani, na hakisemi lolote kuhusu samaki alivyoishi kabla ya kuvuliwa. Hata mwaka 1999, sumu ya viuatilifu ilipotumika kuvulia samaki, kilichotushtua kuliko vyote ni Umoja wa Ulaya kufunga soko lake.

Tumwangalie sato jike. Chakula anachopata kina matumizi yenye mpangilio: kwanza kupumua, kuogelea, kusawazisha chumvi za mwili na kukarabati seli zinazochakaa, kinachobaki ndicho kinachomkuza, na akishakomaa ndicho kinachotengeneza mayai. Kemikali zinapoingia, ile hesabu ya kwanza hupanda. Ini hulazimika kuzalisha vimeng'enya vya kuvunja viuatilifu na mabaki ya mafuta ya mitambo, na protini za kuzifunga metali kama shaba na kadimi. Matamvua yaliyoathirika hutoa kamasi nyingi, oksijeni hupita kwa shida, na samaki hupumua kwa nguvu zaidi ili apate kile kile alichokuwa akikipata bila taabu. Chakula hakijaongezeka, na mara nyingi hamu ya kula nayo hupungua. Pengo hilo hufidiwa na urefu wa mwili na mayai. Kwa sato jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu jike huyabeba mayai na vifaranga mdomoni, na kwa siku hizo huishi kwa akiba yake. Akiingia katika kazi hiyo akiwa na akiba pungufu, hakuna atakayemwona akielea amekufa. Atafika mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, kama wengine, atapasuliwa tumbo, na mwanamke anayemparua magamba ataona tu kwamba huyu hana mafuta wala mayai ya maana.

Mfano unaonirudia kila ninapofikiri haya unatoka mbali, katika ziwa dogo la majaribio huko Ontario, Kanada. Kuanzia 2001 hadi 2003 watafiti walitia humo homoni inayotumika katika vidonge vya uzazi wa mpango, kwa kiwango cha nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita. Kiasi hicho ni kama kutawanya kijiko kimoja cha chai cha sukari katika eneo la kilomita moja ya mraba lenye maji ya kina cha mita moja. Hakuna aliyeonja wala kunusa chochote. Madume ya aina moja ya samaki mdogo wa ziwa hilo yalianza kutengeneza protini ya kiini cha yai, kazi ambayo kwa kawaida ni ya majike, mbegu zao zikavurugika, na katika miaka michache samaki huyo akakaribia kutoweka. Samaki wakubwa waliomtegemea kwa chakula nao walipungua baadaye. Baada ya homoni kusitishwa, ilichukua miaka kadhaa kabla ya idadi kurejea. Kijiko kimoja!

Wanaopinga kwamba uchafuzi ndio unaowadhoofisha samaki wetu wana hoja ambazo haifai kuzipuuza. Ziwa letu lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, na kinachoingia kwa mto Mirongo, unaopita katikati ya jiji la Mwanza, hakiwezi kulinganishwa na dozi iliyotiwa kwa makusudi katika ziwa dogo. Sangara wamepungua ukubwa kwa sababu inayoonekana kwa macho: makokoro, nyavu za timba na uvuvi wa samaki wachanga. Tena dagaa leo ndio wengi zaidi kwa uzito katika mavuno ya ziwa zima, na ongezeko lao limekwenda sambamba na maji kuzidi kurutubishwa na mbolea na maji taka. Hoja hii ya dagaa ndiyo nzito kuliko zote kwangu, na naikubali. Lakini wingi wa spishi moja unaweza kuficha hasara ya nyingine. Mwaka 1997 watafiti waliofanya kazi katika Ghuba ya Mwanza walionyesha kwamba maji yanapopoteza uangavu kwa mwani na tope, jike wa furu, wale samaki wadogo wa spishi nyingi za ziwa hili, hashindwi kuzaa, ila hushindwa kuona rangi ya dume anayemtafuta. Dume mwekundu wa spishi iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere na dume wa buluu wa spishi jirani hufanana gizani, spishi huchanganyika, na aina hupungua bila samaki hata mmoja kutiwa sumu.

Kwa hiyo doria dhidi ya nyavu haramu iendelee, wala simlaumu ofisa anayezichoma. Ninachodai ni kidogo na hakina gharama kubwa. Wanaokusanya takwimu mialoni tayari hupima urefu na uzito wa samaki. Wakiongeza kisu na mizani ndogo, wanaweza kupima ini na mayai ya sato jike mmoja mmoja na kulinganisha na uzito wa mwili wake, sampuli moja ikitoka karibu na mdomo wa Mirongo, nyingine Ukerewe, miezi ya mvua na ya kiangazi. Kama samaki wa Mirongo wana ini kubwa na mayai machache kuliko wenzao wa urefu ule ule, na tofauti hiyo ikajirudia msimu baada ya msimu, hapo wizara itakuwa na jambo la kuuliza ambalo kipimo cha minofu hakikuweza kuliuliza.