Eti "Tafadhali Tumia Chrome"

Wiki hii nimekutana tena na lile tangazo. Tovuti ya malipo, jina kapuni, nimeifungua kwa Firefox ikanigomea: kivinjari chako hakifai, tafadhali tumia Chrome. Nikaidanganya. Nikabadilisha utambulisho wa kivinjari, Firefox ikajiita Chrome, na malipo yakaenda vizuri hadi risiti. Kumbe kilichokosekana ni fundi wa tovuti mwenye moyo wa kupima kazi yake.

Wakongwe mnaikumbuka Internet Explorer 6, ile ya 2001, na tovuti zilizokataa kufunguka bila yenyewe. Tulizicheka weee! Microsoft wakaizika Internet Explorer rasmi Juni 2022, na sisi tuliopiga vigelegele msibani ndio tuliorithi tabia zake.

Kichekesho chenyewe kiko kwenye iPhone. Mteja akitii tangazo lako akapakua Chrome, bando limekwenda na amepata nembo mpya tu. Apple walivilazimisha vivinjari vyote vya iPhone kutumia WebKit, injini ileile ya Safari, kivinjari chao wenyewe. Injini ni ile programu ya ndani inayousoma ukurasa na kuuchora kwenye skrini. Umoja wa Ulaya ukawabana, na kuanzia iOS 17.4 mwaka 2024 wakaruhusu injini nyingine huko Ulaya. Sisi huku hatumo. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa Mwanza mwenye iPhone "tumia Chrome", umemwambia atumie Safari yenye rangi nyingine.

Ndiyo maana ile mijadala ya kivinjari kipi bora kwa kutengeneza tovuti hunichosha. Chrome, Edge, Brave, Vivaldi, Opera: watu wanazipanga kama timu tano za ligi. Nje ya iPhone, zote zinaendeshwa na injini moja, Blink, ambayo Google waliichepusha kutoka WebKit mwaka 2013. Mwaka huohuo Opera wakaanza kuiacha injini yao ya Presto, na Januari 2020 Edge mpya ikatoka ikiwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome. Ukipima kwa zote tano, umepima mara moja. Linganisha injini: Blink, WebKit, na Gecko ya Firefox. Basi.

Na usiniambie unapima iPhone kwa kile kioo cha simu ya kuigiza ndani ya Chrome ya kompyuta. Kile kinakupa vipimo vya skrini na jina la kuazima. Injini ni Blink vilevile. Umepanga ukurasa uwe na urefu wa 100vh, yaani kimo chote cha skrini, kitufe cha "Lipa" kiko chini, kwako kinaonekana safi. Kwenye Safari ya simu halisi, ukurasa unazama nyuma ya upau wa anwani, na kitufe kinazama nao. Mteja anatafuta pa kulipia haoni! Dawa ipo, kipimo cha dvh, kinachofuata kimo kinachoonekana kweli, na injini zote tatu zilikuwa nacho kufikia mwisho wa 2022. Lakini utaijuaje dawa ya ugonjwa ambao hujawahi kuuona?

Haya, nakubali: kwa kuchunguza kasi, na kwa kuunganisha simu ya Android kwa waya ukaona kosa likitokea kwenye simu yenyewe, Chrome ni kiboko. Kwa CSS, lugha ya kupanga sura ya ukurasa, narudi Firefox. Kifaa chake cha gridi kinasomeka, na ndiyo ilianza kunieleza kwa nini mstari fulani hauna athari yoyote. Safari ina vifaa vizuri, ila kuchunguza iPhone kunadai Mac, na bei ya Mac unaijua.

Halafu kuna Opera Mini, ambayo hakuna fundi anayeitaja kwenye kikao. Ikiwa kwenye hali ya kubana data kupita kiasi, ukurasa hupikwa kwenye seva za Opera. JavaScript yako, ile programu inayoupa ukurasa uhai, inapewa sekunde chache hukohuko, kisha mteja anapelekewa kilichobaki. Fonti zako za mapambo haziendi. Menyu yako ya kuteleza haitelezi. Mwenye simu ya bei ndogo na bando la siku anaona ukurasa mweupe, na wewe kwenye laptopu yako yenye Wi-Fi ya ofisi unaandika kwenye ripoti kwamba kila kitu kiko sawa.

Fomu ya jina, namba ya simu na kiasi. HTML tupu, msimbo wa msingi wa ukurasa bila JavaScript yoyote, inaituma hiyo.