Mla peke yake wa Tokyo

Kwetu ukimkuta mtu anakula, atakwambia "karibu", nawe utajibu "starehe" na kupita zako. Chakula chenyewe huenda hakimtoshi hata yeye, lakini karibu lazima itoke.

Sasa nenda kwenye mgahawa wa Ichiran, Japani, ule wa tambi za supu. Tiketi unanunua kwenye mashine. Unaingia kibandani, mbao kushoto, mbao kulia, unaweka alama kwenye karatasi: tambi ngumu au laini, kitunguu saumu kiasi gani. Mbele yako inatokea mikono miwili, bakuli linatua, kipazia cha mianzi kinashushwa. Sura ya mhudumu huioni.

Tunaosema "mla peke yake hufa peke yake" tunaguna hapo. Mimi siguni. Methali ile inamsema mchoyo, na huyu si mchoyo. Kabanwa kwenye treni asubuhi, kainamia wakubwa wake kutwa nzima; mwacheni anywe supu yake kwa amani.

Linaloniuma ni lile Wajapani wanaloliita benjo-meshi, mlo wa chooni: mwanafunzi anajifungia msalani na chakula chake ili wenzake wasimwone kakaa peke yake. Chuo Kikuu cha Kyoto kilifika mahali kikaweka vizuizi katikati ya meza za bwaloni, mtu ale bila kutazamwa. Upweke wenyewe si mzigo kama aibu ya kuonekana mpweke. Na mwenye aibu hapigi hodi kwa jirani.

Matokeo yake polisi wanayo. Mwaka 2024 watu 76,020 waliokuwa wakiishi peke yao walikutwa wamefia nyumbani, zaidi ya 58,000 kati yao wakiwa na miaka 65 na kuendelea. Serikali ilishateua waziri wa upweke Februari 2021, na sheria ya kupambana na upweke ikaanza kutumika Aprili 2024. Sawa. Ila waziri hawezi kumwambia mtu karibu.

Aliyeweza ni muuza mboga wa mtaa wa Ota, Tokyo, Kondo Hiroko. Alisikia habari za mtoto ambaye siku nyingine, ukiondoa chakula cha shule, alikuwa anakula ndizi moja tu. Mwaka 2012 akaanza kupika dukani kwake, mtoto aje hata akiwa peke yake, na wakubwa nao wasikatazwe. Akapaita kodomo shokudo, mgahawa wa watoto. Leo ipo zaidi ya 10,000 Japani nzima.