Ya Bure Imenitoa Jasho

Dada wa stesheni, pale tunapoprintia na kutoa kopi, kaniuliza asubuhi hii, mbele za watu, kama faili langu lina ugonjwa. Neno lenyewe hilo: ugonjwa. Mimi, katibu wa kamati ya harusi, mtu ninayeamkiwa hadi mtaa wa pili, nimesimama na flashi mkononi naulizwa habari za ugonjwa, na foleni nyuma yangu ikarudi hatua moja.

Ngojeni. Nikianzia hapo mtanifikiria vibaya.

Laptopu yangu mnaijua, kwa kuwa hata nyie mnayo ya aina hiyo: mtumba wa kontena, vibandiko vya ofisi ya Ulaya bado viko chini, betri imebaki pambo. Ilikuwa inakwenda na Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 wenyewe wakasema basi, huduma imefika mwisho, watu wahamie 11. Haya, nahama. Hiyo 11 ikaichungulia laptopu yangu, ikaikataa. Kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu, yangu ni ya kizazi cha tano. Tena inataka chipu ya usalama, TPM 2.0. Nyumba ninayolala na familia haina geti, leo kompyuta ndiyo inadai mlinzi!

Fundi wangu miaka yote alikuwa na dawa moja: "Lete nikupigie." Anapiga Windows ya kukreki, elfu ishirini, unaondoka unashukuru. Baada ya muda maandishi yanajitokeza kwenye kona ya skrini kukukumbusha kwamba hujalipia. Unarudi, anapiga tena. Ada ya mwanawe wa kwanza naamini nimelipa mimi.

Mpwa wangu aliye chuo ndiye aliyeleta habari za Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. "Mjomba, weka Linux ya Mint. Ni bure, ni halali, hakuna wa kukudai leseni." Akanihadithia habari za Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, ambaye mwaka 1991 aliandika kiini cha mfumo akakiweka hadharani, na watu dunia nzima wakaja kuchangia. Nikamwuliza, wamechangia bila kadi? Bila kikao? Hakuna mhazini aliyezima simu? Akasema hakuna. Nikajua hao si wa kwetu.

Akaipakua kwa bando langu, karibu GB tatu, naona huko ndiko "bure" inakoanzia. Akaiweka kwenye flashi, akawasha mashine huku amekandamiza F12, tukaijaribu kutoka kwenye flashi kabla ya kufuta kitu chochote. Kwa vile RAM ni GB nne tu akanichagulia ile ya Xfce, nyepesi. Na haki ya Mungu inakwenda. Zamani nilikuwa nikiiwasha naenda kuoga, narudi bado inazungusha vile vidoti. Sasa inawaka nikiwa bado natafuta miwani. Wi-Fi tu ndiyo ilisusa mwanzoni, tukachomeka simu kwa waya tukavuta draiva. Mama watoto kauliza Start tumeificha wapi; ipo palepale, kona ya chini kushoto. Kijana wangu kagundua gemu lake la mpira haliingii, akaninunia, nyumba ikatulia. Utulivu wa namna ile ningekuwa tayari hata kuulipia.

Kwa hiyo kompyuta haina neno. Mwenye neno ni mtaa.

Sasa turudi stesheni. Jana usiku nimekaa na LibreOffice, programu ya kuandikia inayokuja na Mint, nikapanga bajeti ya harusi, jedwali limenyooka: ukumbi, chakula, MC, mapambo, keki, na "dharura", ambayo kila mjumbe anajua ni vinywaji vya wajumbe. Kikao ni leo jioni. Asubuhi nikachukua flashi, nikavaa shati la mikono mirefu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Niprintie hiyo, kisha unitolee kopi ishirini."

Kachomeka. Kainamia skrini. Kainama zaidi. "Baba, hii ODT ndiyo nini?"

"Ni maandishi tu, binti. Fungua." Nikasema kwa upole wa mtu aliyesoma.

"Mbona haina sura?"

Kweli, pale kwenye skrini yake faili langu lilikuwa karatasi nyeupe tupu, halina ile alama ya bluu waliyozoea. Word za siku hizi zinaifungua ODT bila kelele. Lakini stesheni yetu ina Office ya 2007, ile ya mwanzo ambayo ODT haiijui, iliyokrekiwa na mtu ambaye kwa makadirio yangu ameshastaafu. Kompyuta ikamwambia dada achague programu ya kufungulia. Akachagua Photoshop.

"Kwa nini Photoshop?"

"Ndiyo naitumia sana, baba. Picha za pasipoti."

Photoshop ikagoma. Foleni ikaanza kikao. Dereva bodaboda, aliyekuja kwa picha hizohizo za pasipoti, akauliza nimeandikia nini. Nikajibu, Linux. "Aaa mzee, achana nayo, hiyo ni ya wadukuzi." Na mkononi ameshika simu ya Android! Nikamweleza taratibu kwamba kiini cha Android ni Linux hiyohiyo, kwamba amelala nayo, ameamka nayo, na asubuhi hii imemletea abiria. Akaigeuza simu akaitazama mgongoni. "Yangu orijino mzee, sikununua kwa machinga."

Binti mwenye fomu za mkopo wa chuo akashauri jina la faili libadilishwe mwishoni, iandikwe doc. Dada akabadilisha. Word ikafunguka, ikafikiri, ikatangaza kwamba faili limeharibika. Hapo ndipo nilipoulizwa habari za ugonjwa.

Angeishia hapo tungeachana kwa amani. Hakuishia. Akalifungua kwa Notepad, na skrini ikajaa viumbe. Herufi za mwanzo zilikuwa PK, baada ya hapo vijimraba, alama za kuuliza, herufi zenye kofia, mikia, vidoti juu na chini. Mpwa baadaye kanieleza kwamba ODT kwa ndani ni faili la zip, limekunjwa, ndiyo maana. Lakini pale stesheni mpwa hakuwepo. Alikuwepo mzee mmoja na karatasi zake za kiwanja. Akavaa miwani, akasogea, akasoma kwa sauti ya chini.

"Hiki si Kiingereza."

Tukanyamaza.

"Maandishi ya namna hii nimewahi kuyaona kwenye kombe. Hii kitu unakunywa, huprinti." Akashusha kidole hadi mstari wa juu, ambako neno moja lilikuwa limesalimika: opendocument. "Na hili hapa ni jina la mwenyewe. Msilitaje."

Na dada, Mungu ambariki, katika kutaka kusaidia, akaprinti. Ile printa mnaijua. Printa ambayo ukiwa na haraka karatasi inakwama, wino umekauka, waya umelegea. Leo ilikuwa nzima! Ikavuta ukurasa wa kwanza, wa pili, ikanoga, ikaendelea, kila ukurasa vijimraba na mikia kutoka juu hadi chini, na sisi wote tumesimama tunaangalia hadi mwenye bodaboda alipochomoa waya ukutani.

"Ni mia mbili kwa ukurasa, baba."

"Mia mbili ya nini?"

"Wino umetumika."

Jamani! Mimi nilipie vijimraba? Nimeomba bajeti, nimepewa hirizi, na hirizi nilipie kwa ukurasa! Sauti ilinipanda, sikatai, na shati la mikono mirefu halikusaidia kitu. Nikampigia mpwa palepale. "Mjomba, si ungesevu kwa PDF tu?" Yeye siku ile ananieleza Helsinki na 1991, hiyo PDF alikuwa anamtunzia nani?

Na kinachouma zaidi, mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia ya Kiswahili kitupu. OpenOffice ndiyo mzazi wa hii LibreOffice yangu. Zaidi ya miaka ishirini imepita, na mtoto wake akifika stesheni ya uswahilini anatuhumiwa ujini.

Nikalipa. Nikarudi nyumbani nisevu hiyo PDF. Umeme hakuna. Betri ni pambo.

Uliporudi nikachomeka flashi, nikakuta imerudi na virusi vya shotikati kutoka mashine ya dada. Nani mgonjwa sasa? Kwenye Linux havikuweza kufanya kitu, na mafaili vilivyoyaficha yote nayaona. Nikavifuta. Nilimtajia jirani, basi, tangu saa nane watoto wanapishana mlangoni na flashi za wazazi wao, na hakuna anayeuliza kama katibu amekula.

Zile kurasa za kombe nimezibeba, nimezilipia. Upande wa nyuma ni mweupe, watoto wafanyie hesabu. Maana shuleni wanadai rimu. Kila muhula, kila mtoto, rimu nzima. Darasa la watoto tisini, rimu tisini, na mtihani ukifika mwalimu anaandika maswali ubaoni! Karatasi zinakwenda wapi? Na ufagio juu. Chelewa, si wa plastiki, wa plastiki wanaurudisha. Nimeuliza kwenye kikao cha wazazi, nikateuliwa kwenye kamati ya kufuatilia. Katibu.