Faili la hesabu lisivae sura ya programu

Mwaka juzi nilimtengenezea mama mmoja mwenye duka la vipodozi programu ndogo ya hesabu. Aikoni yake, ile picha ndogo ya kubofya, ilikuwa daftari la kijani. Niliipenda mno, nikaibandika kote: kwenye programu, kwenye mafaili ya hesabu, na bila shaka njia ya mkato, yaani kile kiungo cha kufungulia programu tu, ikaichukua pia. Mwisho wa mwezi mama akachomeka flashi, akakopi daftari la kijani, akampelekea mhasibu. Mhasibu kubofya, hola. Flashi ilikuwa na njia ya mkato tu, kilobaiti mbili hivi.

“Sasa mwanangu, si yote madaftari?” akaniuliza. Nikakosa la kusema.

Siku hizi programu inabaki na daftari lake, faili linapata karatasi nyeupe yenye kona iliyokunjwa na utepe wa kijani. Si ubunifu wowote, karatasi hiyo imechakaa kwa kutumika, lakini hata asiyejua kompyuta anaielewa. Kazi ilikuwa aikoni ya ukubwa mdogo, pikseli (nukta za picha) 16 kwa 16. Mistari ya daftari niliyoichora kwa mbwembwe kwenye pikseli 256 iligeuka doa la ukungu. Kupunguza picha hakusaidii, ile ndogo unaichora upya. Nilifuta kila kitu, nikaacha utepe.

Kosa la pili lilikuwa kuyapa mafaili mkia wa jina .dat, ambao kila programu inautumia inavyotaka. Uchoyo wa mkia wa herufi tatu ni urithi wa enzi za MS-DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows. Windows 95 ilishaliondoa sharti hilo, kwa hiyo sasa natumia .hesabuduka na sijasikia aliyeguna. Tatizo ni kwamba Windows, isipobadilishwa, huficha mkia huo kwa aina za mafaili inazozifahamu. Kirusi cha ILOVEYOU mwaka 2000 kilipitia humo humo: jina liliishia .TXT.vbs, wengi wakaona TXT tu, wakadhani ni maandishi ya kawaida kumbe ni programu. Mtumiaji akishafichiwa mkia wa jina, amebakiwa na picha.

Ndani ya faili nimeweka SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa katika faili moja, ambayo ina baiti nne mwanzoni mwa faili za kuandika utambulisho wa programu yako. Mtu akibadilisha jina la faili, programu bado inalitambua.

Mama hataji tena daftari. Juzi kanipigia: “Karatasi ya mwezi huu nimeshamtumia mhasibu.”