Bodi ikisema "tumwachie Mungu", hesabu nazo tunamwachia nani?

Tangu ile Januari 2025 Trump aliposaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na baadae USAID yenyewe, shirika la misaada la serikali ya Marekani, ikafungwa ilipofika Julai mosi, hapa Dodoma kwenye mashirika ya Kikristo kuna maneno mawili unayasikia sana. Wakubwa wanasema "Mungu hajawahi kutuacha". Wafanyakazi wanaulizana pembeni, "hivi mshahara wa mwezi huu utatoka kweli?" Na sio kwa wale waliokuwa wanakula hela ya Marekani moja kwa moja tu, ata kituo kidogo cha watoto huko Nkuhungu kinachotegemea kanisa moja la Ulaya nacho sasa kinagombania mlango ule ule na mashirika makubwa yaliyopoteza fungu lao.

Swali langu ni hili: kipindi kama hiki imani ya kiongozi inamsaidia kuongoza, au inamsaidia kutoongoza?

Nianze na wanaoitetea, na wana hoja nzito kuliko wasomi wa miradi wanavyodhani. Meneja wa kawaida mkataba ukiisha kazi imeisha, gari zinarudishwa, viti na meza vinapigwa mnada, anaandika ripoti ya kufunga mradi anahamia shirika lingine, wala huwezi kumlaumu maana ndivyo alivyoajiriwa. Mtu wa wito hana hiyo tarehe. Angalia hospitali ya Mvumi ya Waanglikana, wafadhili wamekuja wameondoka, ukame umekuja umeondoka, hospitali ipo. Watu wanaobaki mshahara ukichelewa, wanaolima shamba la kituo Jumamosi bila posho, wengi wao ukiwauliza watakwambia wanamfanyia Mungu, na mi nawaamini. Hiyo nguvu huwezi kuipata kwenye semina ya uongozi ata ukalipa ada ya namna gani.

Sasa upande wa pili. Niliwahi kualikwa kwenye kikao cha bodi cha kituo kimoja hapa mjini, jina naliacha. Mhasibu, dada mmoja mpole, aligawa karatasi moja moja kwa kila mjumbe, inaonyesha hela iliyopo inafika mwisho wa mwezi unaofuata tu, na chini kabisa kwa maandishi madogo kwamba makato ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, ya wafanyakazi yamekatwa kwenye mishahara ila hayajapelekwa. Kabla hajamaliza, mwenyekiti akamkatisha, "Dada, hiyo ni ripoti ya wale wapelelezi kumi, sisi tuko upande wa Yoshua na Kalebu." Watu wakacheka, wakasema amina, ikaombwa sala ndefu nzuri kwa kweli, alafu ajenda iliyofuata ikawa sare za kwaya ya kituo. Dada wa watu akakunja karatasi yake.

Hebu tuwe wakweli hapa. Wale wapelelezi kumi wa kwenye Biblia waliotumwa na Musa kuichunguza Kanaani walitishwa na majitu wakakata tamaa, Yoshua na Kalebu peke yao ndio wakasema twendeni; huyu dada hakuzungumzia majitu, alizungumzia hela ya mpishi na mlinzi ambayo shirika limeikata halafu limeitumia kununulia unga. Na Biblia hiyo hiyo kwenye Luka 14 inamshangaa mtu anayeanza kujenga mnara bila kukaa chini kwanza kuhesabu gharama. Ila mstari huo haunogi kwenye kikao cha dharura, unaonoga ni "msisumbukie ya kesho".

Kila mjadala huu ukianza kuna mtu lazima amtaje George Müller, yule Mjerumani aliyelea yatima kule Bristol, Uingereza, kuanzia 1836 mpaka akafa 1898, watoto kama elfu kumi wakapita mikononi mwake, na sera yake ilikuwa haombi mtu hela, anamwomba Mungu tu. Basi mfano huo ndio unafunga mjadala, mhasibu akae kimya. Lakini ukimsoma vizuri Müller ni mtu wa hesabu kuliko mashirika yetu mengi, alikataa madeni, na kila mwaka alichapisha ripoti inayoonyesha kilichoingia na kilichotumika. Wakosoaji wake walisema hiyo ripoti yenyewe ndio ilikuwa bakuli la kuombea, na hoja hiyo siidharau, maana anayesoma kwamba watoto walikaribia kukosa mkate lazima aguse mfuko. Mwenyewe aliliona hilo, mwishoni mwa 1841 hali ilipokuwa mbaya kabisa aliahirisha kuitoa ripoti ili isionekane anapiga hodi kwa watu.

Kwa hiyo ni kweli Müller naye alificha, lakini aliwaficha watu wa nje, wenye pesa. Wafanyakazi wake aliwaambia hali ya mfuko kuanzia 1838, wakawa wanaomba pamoja nae na wengine wakitoa vya kwao mfukoni. Sisi tumegeuza. Kwa mfadhili tunalia, tunatuma picha ya mtoto mwenye kamasi, tunaandika barua za kurasa tano jinsi hali ilivyo tete, alafu tukigeuka kwa matroni anayelala na watoto hao hao tunamwambia mambo yako shwari, endelea kuomba. Hapo ndipo mimi naipima imani ya kiongozi, naangalia nani anaambiwa ukweli kwanza. Akiambiwa wa mbali kabla ya wa jikoni, basi hiyo lugha ya imani inafanya kazi ya pazia.

Kwenye suala la kupunguza watu ndio linaonekana wazi zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi kabla hajapunguza mtu. Na aliyefanya kazi mfululizo mwaka au zaidi ana kiinua mgongo, mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka, mwisho miaka kumi. Sasa kiongozi aliyekuwa anasema "hakuna atakayeondoka hapa kwa jina la Yesu" mpaka akaunti inasoma sifuri, hiyo hela ataitoa wapi? Anaishia CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, anashtakiwa na mlinzi wake, wote wanasali kanisa moja. Na tusisahau mwenyekiti mara nyingi ni mchungaji, posho yake inatoka usharikani, kituo kikifungwa yeye Jumapili yuko madhabahuni kama kawaida. Kufunga na kuomba ni rahisi zaidi kwa mwenye chakula cha kufunga.

Ila kuna hoja moja ya upande wa ukimya ambayo sijaipatia jibu la moja kwa moja. Ukisema ukweli mapema unaweza kuliua shirika lenyewe. Mwenye duka la jumla akisikia hamna hela hakopeshi tena maharage, nesi mzuri anaondoka kwanza kwasababu ndiye anayepata kazi haraka, mnabaki na wasio na pa kwenda. Ni kweli kabisa. Lakini mama mmoja ninayemfahamu, mkurugenzi wa shirika dogo upande wa Kongwa, aliusema ukweli hivyo hivyo: aliwaita wote, akaanza na mshahara wake kukatwa nusu, akasema tuna miezi minne, tuombe na kila mtu aanze kutafuta pa kwenda. Wawili waliondoka wiki hiyo hiyo. Waliobaki ndio waliowatembelea ndugu wa watoto mmoja mmoja mpaka watoto wengi wakapokelewa kwao vizuri, na kituo kikafungwa kweli. Kuna wanaosema imani yake ilishindwa. Mi naona ilifanya kazi yote, maana hakuna mtoto aliyeachwa stendi.

Wengine watasema suluhisho ni sharika zetu zenyewe zibebe hawa watoto, tuachane na wazungu. Sawa, na nimeona akina mama wakileta debe za mahindi na karanga ibada ya mavuno, inatia moyo. Tatizo huku kwetu Ugogo, Dodoma, mvua ni ya msimu mmoja. Ikikata Februari, mavuno hakuna, sadaka inashuka, na mwezi huo huo watu wanaanza kuhemea na kituo kinaletewa watoto zaidi. Yaani mfadhili wa hapa anaanguka siku ile ile mahitaji yanapanda. Yusufu kule Misri aliweka sehemu ya tano kila mwaka wa neema kabla njaa haijafika, na hilo la akiba ndilo bodi nyingi hazitaki ata kulisikia, zinasema kuweka hela benki wakati watoto wana shida ni kukosa imani. Nimewahi kuuliza ni shida ipi hiyo inayosubiriwa iishe kwanza, sikujibiwa.