Eastleigh: duka hufunguliwa pale ajira inapofungwa

Mfanyabiashara wa soko la Kamukunji akishindwa na bei za Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, atakwambia Wasomali wana biashara damuni. Anayewasifu naye husema hivyo hivyo. Maelezo hayo yanamsahau mtu aliyeingia Nairobi na cheti cha ualimu ambacho hakuna aliyekitaka.

Serikali ya Siad Barre nchini Somalia ilipoanguka Januari 1991, miongoni mwa waliokimbilia Kenya walikuwemo walimu, makarani na maofisa. Walitakiwa wakae kambini, na bila kibali cha kazi hakuna mwajiri wa maana angewagusa. Ndipo vyumba vya Garissa Lodge, nyumba ya wageni pale Eastleigh, vikageuka maduka. Usiku mpangaji alilala humo. Mchana nguo zilitandazwa kitandani, na chini ya kitanda ndiko kulikokuwa stoo. Kuuza shati hakukudai barua ya mwajiri. Kulidai mtu wa kukudhamini: mwenye duka la jumla akupe mali kauli, uuze kwanza ulipe baadaye, ukoo wako ukiwa ndio dhamana. Mtaji ulitoka kwenye hagbad, mchezo wa kuchanga na kupeana fedha zamu kwa zamu, au kwa ndugu wa Dubai aliyetuma fedha kwa hawala, yaani kupitia mawakala wanaoaminiana.

Kakuma, kambi ya wakimbizi kaskazini magharibi mwa Kenya, inaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi, maana huko wapo Wasudani Kusini, Wakongo, Warundi na Waethiopia, na katika kila jamii wapo wenye vibanda. Utafiti wa mwaka 2018 wa IFC, tawi la Benki ya Dunia la sekta binafsi, ulihesabu biashara zaidi ya 2,000, na uchumi wa dola milioni 56 kwa mwaka. Takwimu hiyo imeshikwa na wengi kama ushahidi kwamba wakimbizi wametajirika. Lakini igawanye kwa watu zaidi ya 180,000 wa kambi na mji wake: haizidi kama dola 300 kwa kila mmoja kwa mwaka, haifiki hata dola moja kwa siku. Na humo humo kambini, mkimbizi anayefundisha darasani hulipwa posho iliyo sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mkenya anayefanya kazi ile ile. Mwalimu huyo akiacha chaki akauza sukari na kadi za simu, tuseme damu ndiyo iliyomtuma?

Wanaolalamika wana lao. Sukari ya magendo imepita mpaka wa Somalia kwa miaka mingi, na aliyelipa ushuru Mombasa hawezi kushindana nayo. Kodi za vyumba Eastleigh zimepanda hadi muuzaji mdogo akahama, na ajira nyingi hubaki ndani ya ukoo. Haya ni maumivu ya kweli. Ila kuzuia magendo ni kazi ya forodha, na wenye maduka wengi pale ni Wakenya wenye asili ya Kisomali wa Garissa, Wajir na Mandera, ambao hata hivyo walizolewa pamoja na wageni katika msako wa polisi wa Usalama Watch wa Aprili 2014 na kurundikwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu mkimbizi mwenye sifa kuajiriwa, lakini kibali chenyewe bado ni shida kukipata. Kitolewe kwa muuguzi na mwalimu bila kuzungushwa, kisha tuhesabu upya ni wangapi watabaki nyuma ya kaunta kwa hiari yao.