Mpe Buibui Wako Jina, Ila Usimdai Chochote

Kila kasha ninalofugia tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, lina kibandiko chenye mistari mitatu: jina la kisayansi, tarehe aliyofika, na tarehe aliyojivua gamba mara ya mwisho. Kwa miaka mingi sikuandika zaidi ya hapo, na nilijisifu kwa hilo. Wafugaji wenzangu waliponitajia majina ya buibui wao nilikuwa na jibu tayari: tarantula hasikii, haitiki, hamtofautishi anayemlisha na anayemchokoza, sasa jina la nini? Leo karibu vibandiko vyangu vyote vina mstari wa nne, wa jina. Nimegeuka kabisa, na kwa kuwa jibu lile la zamani bado nalisikia kwa watu ninaowaheshimu, nimeona nieleze kilichonigeuza.

Nianze na ukweli uliomo katika jibu lile, maana ni mwingi. Tarantula ana macho manane, lakini macho hayo humwonyesha mwanga, kivuli na kitu kinachojongea karibu, basi. Masikio hana. Habari za dunia humfikia kupitia nywele za miguuni na mwilini, zinazopokea mtikisiko wa ardhi na msukumo mdogo kabisa wa hewa. Kwa nywele hizo anajua kwamba mende amepita, kwamba kifuniko kimefunguliwa, kwamba mlango wa chumba cha pili umebamizwa. Ukimwita juu ya kasha kinachomfikia ni mtetemo tu, naye atajikunyata au atarudi shimoni. Anayesema buibui wake amelizoea jina anayaona mapenzi yake mwenyewe kwenye kioo cha kasha. Hapo sibishani na mtu.

Ubishi wangu unaanzia kwingine: nani alisema jina lazima limfanyie kazi anayeitwa? Vimbunga hupewa majina, na hakuna anayetarajia kimbunga kigeuke kikiitwa. Hupewa ili watu wasichanganye kimoja na kingine, na onyo likitolewa lishike vichwani. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuwahoji wafugaji 516 wa ng'ombe wa maziwa. Kwenye mashamba ambako ng'ombe waliitwa kwa majina, maziwa ya kila ng'ombe yalizidi kwa lita 258 kwa msimu mmoja wa kukamuliwa. Ng'ombe ana masikio na anaweza kulizoea jina lake, hilo najua. Ila siamini kwamba neno lenyewe ndilo lililojaza ndoo. Naamini mtu anayewajua ng'ombe wake mmoja mmoja kiasi cha kuwaita ndiye yuleyule anayeona mapema kwamba huyu leo anachechemea na yule ameacha kula. Jina linakaa kwa ng'ombe, lakini anayetumwa nalo ni mfugaji.

Nililifahamu hilo kwa njia ninayoijutia hadi leo. Nilikuwa na tarantula watatu wa jenasi ya Grammostola, spishi moja, majike wote, wanaofanana kama shilingi kwa ya pili. Walifika siku moja, kwa hiyo hata vibandiko vyao vilikaribia kuwa sawa. Kwenye daftari niliwaandika wa juu, wa kati na wa chini, kwa jinsi walivyopangwa kwenye rafu. Buibui wa jenasi hii husifika kwa kususa chakula hata miezi kadhaa na wasidhurike, kwa hiyo mmoja akikataa mende sikuwa na wasiwasi. Siku moja nilisafisha rafu, nikayarudisha makasha kwa mpangilio mwingine bila kuwaza. Daftari likaendelea kusema "wa chini kakataa", "wa chini kakataa", nami nikaendelea kuyasoma maneno hayo kana kwamba yanamhusu mmoja. Walikuwa wawili. Aliyekuwa chini mwanzoni sasa alikuwa juu, kwenye joto zaidi, na kibakuli chake cha maji kilikuwa kimekauka kwa muda nisioujua.

Nilimkuta miguu yote minane imejikunja chini ya kifua. Buibui huinyoosha miguu yake kwa msukumo wa maji ya mwilini. Maji yakipungua, miguu hujikunja kama kiganja kinachofumbwa. Nilimweka mdomo ukigusa maji, kama tunavyoshauriana siku zote. Hakupona.

Nilipomweleza rafiki yangu mfugaji, aliniuliza, "Yupi huyo, ndugu yangu?" Nikamwambia, "Yule wa chini." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Si uliniambia wa chini ndiye aliyekula juzi?" Sikuwa na neno la kumtajia kiumbe niliyekaa naye miaka sita.

Wawili waliobaki walipata majina usiku uleule. Mmoja nikamwita Subira, kwa sababu ndiye aliyekuwa amefunga muda mrefu. Wa pili nikamwita Fundi, kwa kuwa hapitishi usiku bila kuhamisha udongo kutoka pembe moja ya kasha hadi nyingine. Kilichofuata sikukitegemea: daftari lilibadilika. Zamani niliandika "chakula: hapana". Sasa nikajikuta naandika "Subira kamsogelea mende, kamgusa kwa mguu wa mbele, kamwacha apite". Sikupanga kuandika hivyo. Nadhani ukishaanza sentensi kwa jina la mtu, huwezi kuimaliza mpaka useme amefanya nini, na huwezi kusema amefanya nini kama hukuketi ukamwangalia. Tangu wakati huo najua ni buibui gani huchimba wiki mbili kabla ya kujivua gamba, na ni yupi huacha kula ghafla siku moja na kuziba shimo lake usiku huohuo.

Sasa nije kwenye hatari, na hapa niko karibu na wanaopinga majina kuliko wanavyofikiri.

Niliwahi kumwita buibui Mpole. Alikuwa wa Meksiko, mwenye magoti mekundu, na nilimpa jina hilo siku ileile aliyofika, kwa sababu alitulia nilipokuwa namhamisha. Jina lile lilitoka kwenye matamanio yangu. Binamu yangu alipokuja kututembelea aliuliza kama anaweza kumshika, nami nikasema, "Mshike tu, huyu ni Mpole." Ona jinsi jina lilivyofikiri badala yangu! Buibui alipoguswa aligeuka, akainua tumbo na kulikwangua kwa miguu ya nyuma. Tarantula wengi wa bara la Amerika hujilinda hivyo, kwa kurusha nywele ndogo zinazowasha kuliko upupu, na zikiingia machoni jambo hilo si la mchezo. Binamu yangu zilimpata mkononi na shingoni, akashtuka, akavuta mkono, na buibui akaanguka. Udongo ulikuwa karibu na ulikuwa laini, Mungu alisaidia. Tumbo la tarantula ni ngozi nyembamba iliyojaa maji. Likipasuka kwa kuanguka, mara nyingi huwa ndiyo mwisho wake. Nilimwomba radhi binamu yangu, na buibui nikambadilishia jina. Sasa anaitwa Magoti. Jina hilo halimwahidi mtu kitu.

Kwa hiyo nasema: ukimpa buibui jina, deni ni lako. Yeye hakukopa chochote. Usitarajie awe mpole kwa kuwa umemwita Mpole, wala akupende kwa kuwa umemwita Kipenzi. Kwa tarantula wa Afrika na Asia kosa hilo ni kubwa zaidi, kwa sababu hawana nywele za kurusha. Kinga yao ni kasi na chonge. Aliyeumwa na Poecilotheria, tarantula wa Asia, anaweza kukazwa na misuli kwa siku kadhaa. Mtu asije akafungua kasha la mmoja wa hao akiwa na jina tamu mdomoni na mkono mtupu.

Mimi siku hizi nasubiri. Buibui mpya hukaa bila jina mpaka ajivue gamba mara moja akiwa kwangu, na jina linatokana na jambo nililoliona kwa macho yangu. Na watoto je? Kifuko kimoja cha mayai kinaweza kutoa mamia, na hao wanatosha kwa namba. Anayebaki kwangu baada ya wenzake kwenda kwa wafugaji wengine ndiye atakayepata jina.

Majina ya kutisha siyapendi hata kidogo. Sumu, Muuaji, Jini: majina hayo huwekwa kwa ajili ya mgeni ashtuke, na viumbe hawa wameshaonewa na majina vya kutosha. Hata neno tarantula walibambikiwa. Limetoka Taranto, mji wa kusini mwa Italia, na lilikuwa la buibui mwingine kabisa, mdogo kuliko hawa, ambaye watu wa huko waliamini kwamba akimuuma mtu, mtu huyo huugua na tiba yake ni kucheza ngoma. Wazungu walipofika Amerika wakakuta buibui wakubwa wenye manyoya, wakawavika jina hilohilo. Kisha mwaka 1705 mchoraji wa wadudu Maria Sibylla Merian akachapisha michoro yake ya Suriname, Amerika Kusini, na katika mchoro mmoja buibui anamla ndege mdogo. Linnaeus, mwanasayansi aliyeweka utaratibu wa majina ya kisayansi, akalishika wazo hilo, na mwaka 1758 akampa buibui jina la avicularia, lenye maana ya mambo ya ndege. Hadi leo yule mkubwa kuliko wote kwa uzito, Theraphosa blondi, anayeweza kuzidi gramu 170, anajulikana kama mla ndege, ilhali anaishi zaidi kwa nyungunyungu, wadudu na vyura. Mchoro mmoja umemfuata zaidi ya miaka 300. Ndiyo maana nasita kabla ya kuandika mstari wa nne.

Mistari mitatu ya juu, hata hivyo, haifutwi kamwe. Jina la kisayansi ndilo linalokuambia unyevu kiasi gani, udongo wa kina gani, na unamkabili wa nywele au wa chonge. Nalo hubadilika. Magoti alipofika niliandika Brachypelma smithi, kama walivyofanya wengi. Mwaka 2017 watafiti wakaonyesha kwamba wengi waliokuwa wakifugwa kwa jina hilo ni Brachypelma hamorii. Nikabandika kibandiko kipya. Mstari wa nne nikaunakili kama ulivyokuwa.

Wengine husema watasubiri wajue kama ni dume au jike ndipo wampe jina. Ni kweli kwamba akiwa mdogo huwezi kujua kwa kumtazama. Njia ya uhakika ni kulifungua gamba alilolivua na kutafuta, upande wa ndani wa tumbo, kifuko ambacho jike huhifadhia mbegu za dume. Lakini sisi tunaosema Kiswahili hatuna haja ya kuhangaika. Lugha yetu husema amekula, amelala, amejificha, bila kuuliza jinsia, na buibui humpa kiambishi kilekile inachompa mtu. Nikilifikiria hilo naona kwamba hata miaka ile niliyokataa majina nilikuwa tayari namhesabu kuwa fulani, kila nilipofungua kinywa.

Dume mmoja nilimpa jina akiwa amechelewa. Madume wakishakomaa huacha shimo, huacha kula vizuri, na hutembea usiku kucha wakitafuta jike. Wengi hawana zaidi ya miezi michache, au mwaka mmoja na kidogo, ilhali dada zao wanaweza kupita miaka 20. Huyu alipoanza kuzunguka kuta za kasha nikamwita Msafiri. Mwenzangu aliuliza kuna faida gani kumpa jina anayekaribia kufa. Miezi ile tisa nilimfuatilia kila usiku, najua alivyokuwa akigonga kioo kwa mguu wa mbele akitafuta njia. Faida niliyoipata ni hiyo, na inanitosha.

Wanaosema namba inatosha huwa nawasimulia habari ya buibui mmoja wa Australia Magharibi. Hakuwa tarantula, ila ni wa ukoo wa karibu: Gaius villosus, anayeishi maisha yake yote ndani ya shimo moja lenye mlango wa kifuniko. Mtafiti Barbara York Main alianza kuyafuatilia mashimo ya buibui hao mwaka 1974, akiyawekea alama moja moja, na aliendelea kuyarudia kwa miongo mingi. Mwaka 2016 kifuniko cha shimo la 16 kilikutwa kimetobolewa na nyigu, na mwenyewe hayupo. Alikuwa na miaka 43, umri ambao hakuna buibui mwingine aliyewahi kurekodiwa nao. Habari zilipotoka mwaka 2018, magazeti ya nchi nyingi yalimtangaza kama unavyomtangaza marehemu anayejulikana: Namba 16 amefariki. Miaka yote hiyo mtu alikuwa anakwenda kuinama juu ya kifuniko kilekile kuangalia kama yupo. Mimi nikiisoma namba ile naliona jina.

Subira ameziba mlango wa shimo lake tangu siku 41 zilizopita. Tumbo lilikuwa limeshaanza kuwa jeusi, kwa hiyo nadhani anajivua. Asubuhi nimebadilisha maji, taratibu, bila kugusa udongo. Mende wote nimewatoa, kwa sababu akitoka chonge zake zitakuwa laini na hataweza kujitetea. Kwenye daftari nimeandika: "Subira bado ndani."